Mkono Usiopenda Kuambiwa

Ndoa yangu ilicheleweshwa miezi saba na mkono wa kulia wa mama yangu. Leo nalisimulia hili huku nacheka, lakini wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeshapenda, na sikuwa na subira hata ya kungoja uji upoe.

Tulikaa Chonyonyo, kwenye kibanja cha baba, nyumba ikiwa katikati ya migomba na mibuni. Ilikuwa miaka ya themanini. Vita vilikwisha kupita, lakini sabuni na sukari bado vilikuwa vitu vya kusimuliana. Baba alikuwa mkulima mpole ambaye angeweza kupalilia kutwa nzima bila kutoa neno zaidi ya "naam". Mama ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na alisema kwa mdomo na kwa mkono. Mkono wake wa kulia haukujua kutulia. Ulimenya ndizi huku macho yake yako kwingine, ulituita, ulitukataza, na zaidi ya yote ulifukuza kuku. Kahawa ikianikwa uani juu ya mikeka, kuku hawakosi kuja kuichakura, na mama hakuhitaji kuinuka. Aliurusha mkono mara moja, vidole vikafunguka, "shii", na kuku wote wakaelewa. Sisi watoto nasi tulifukuzwa kwa ishara hiyo hiyo. Ukiona mkono umerushwa namna ile, ujue mazungumzo yamekwisha.

Mimi nilirithi mdomo wake. Mdomo wangu haujawahi kungoja kichwa kimalize kufikiri. Walimu walinichapa kwa sababu hiyo, mwalimu wa kwaya alinihamishia mstari wa nyuma, na shangazi yangu wa Kanoni, dada yake baba, kila alipokuja alinikumbusha kwamba mdomo uliponza kichwa. Nikamjibu kwamba kichwa changu bado kipo mahali pake. Baba akacheka, akaenda zake kuangalia mibuni.

Kiharusi kilimjia mama asubuhi, akimenya ndizi za mchana. Kisu kikamdondoka. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakitia katika wa kulia, kikadondoka tena. Akautazama mkono kwa yale macho aliyomtazamia mtoto anayejibu vibaya, akasema, "Wewe, una nini leo?" Nilidhani anasema na mimi. Alipotaka kuinuka mguu nao ukagoma, nami nikapiga kelele kumwita baba.

Baba na majirani walimbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, akalazwa majuma matatu. Siku za mwanzo maneno yalimtoka mazito, yakikokota. Kisha yakafunguka yote kwa pamoja, na kufikia juma la pili wodi nzima ilishajua ni mgonjwa gani hakutandika kitanda vizuri. Mguu nao ulirudi, ingawa kwa fimbo. Mkono tu ndio haukurudi.

Muuguzi aliyemhudumia alikuwa mama wa makamo aliyependa kueleza mambo mpaka yaeleweke. Siku tuliporuhusiwa aliniketisha kwenye benchi nje ya wodi.

"Mkono wa mama yako hauumwi," akaniambia. "Ushike. Una joto, na nguvu imo. Kilichoharibika kiko kichwani, kwenye njia ambayo kutaka kunapita mpaka kufike mkononi. Chukulia njia ya kwenda kisimani imeangukiwa na mti mkubwa. Wewe unataka maji. Utafanyaje?"

"Nitapita kibanjani kwa jirani."

"Haya. Siku ya kwanza utakwaruzwa na magugu. Ukipita kila siku, panakuwa njia. Kazi yenu ni hiyo, kupita kila siku."

Nilimwelewa, ila nilimwelewa kwa pupa. Nilidhani kupita kila siku ni kuamrisha kila siku. Tulipofika nyumbani nikamketisha mama mkekani, nikakaa mbele yake kama mwalimu wa gwaride. "Mama, inua mkono." Mama akajaribu. Bega la kushoto likapanda, shingo ikakaza, jasho likamtoka usoni, mwili mzima ukahangaika isipokuwa mkono wenyewe, ambao ulibaki mapajani umelala. "Nimeuambia," akasema akihema. "Na umesikia. Haukwenda tu." Tukafanya hivyo asubuhi na jioni. Mwisho wa mwezi mkono ulikuwa pale pale, na mimi na mama tulikuwa hatuongei vizuri.

Jambo hilo lilinikaa kichwani. Nilianza kuuchunguza mkono wangu mwenyewe, maana ulikuwa mzima na ungeweza kunieleza kitu. Nikiwa namenya ndizi nilikikazia macho kidole cha shahada, nikitaka kuiona ile nukta hasa ambayo kutaka kwangu kunakwisha na kidole kinaanza kwenda. Nikakiambia, "Inama." Nikangoja. Kikainama. Lakini nisingeweza kuapa kama nilikiambia kwanza ndipo kikainama, au kiliinama kwanza ndipo nikajidai nimekiambia. Nikajaribu tena nikiwa makini zaidi, nikajikata dole gumba. Baba alikuwa mlangoni anakunywa uji. "Ukimenya, menya," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya juma lile, na sasa naona alikuwa ameshamaliza somo lote.

Novemba mvua ziliposhika, senene wakaja, wale panzi wa kuliwa. Asubuhi ile nusu ya Chonyonyo ilikuwa kwenye majani yenye umande, watu wazima na watoto, kila mtu na chombo chake. Nilimketisha mama kwenye ukingo wa uwanda na kopo miguuni, mimi nikawa nakamata na kumletea. Nikiwa narudi na kiganja kimejaa, nikaona senene mmoja mnene ameruka na kutua kwenye goti lake. Na mkono wa kulia ukaenda ukamkamata. Haukutetemeka wala haukusitasita. Ulikwenda kama ulivyokwenda miaka yote, vidole vikamfunika.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. "Mama! Mkono!"

Mama akatazama chini. Alipouona tu, vidole vikalegea, mkono ukaanguka pembeni, na senene akaenda zake. Mama hakunigombeza kwa sababu ya mkono. Alinigombeza kwa sababu ya senene. "Alikuwa amenona," akarudia mpaka tunafika nyumbani. Nikamrudishia mwingine gotini, na mwingine, na wa tatu, nikimwambia, "Haya, mkamate kama ulivyomkamata yule." Mkono haukusogea hata kidogo, na senene wote watatu wakasalimika.

Tulipokwenda kwa muuguzi nikamsimulia, akacheka mpaka akavua miwani. "Kuna mambo mkono umeyafanya miaka thelathini," akasema. "Hayo hayangoji amri. Yana njia yake ya zamani, na hiyo haikuangukiwa na mti. Lakini ukimtangazia, anaanza kuamrisha, na amri inapita ile njia iliyozibwa. Kwa hiyo mkono ukifanya kazi, msiuseme. Na wewe hasa." Alinijua vizuri, yule mama.

Basi ikawa sheria ya nyumba. Baba aliishika bila taabu, kwani hakuwa na mazoea ya kusema chochote. Kwangu ilikuwa adhabu. Tulianza kuutega mkono kwa hila. Nilisogeza vikombe kwenye ukingo wa meza karibu yake, nikitumaini utavidaka, na tukapoteza viwili wakati hata kimoja kilikuwa shida kukipata. Nilimpakatisha mtoto wa jirani, na siku moja mtoto alipoteleza mkono ukamshika kiunoni, nami nikageuka haraka nikatazama ukutani, nimejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Siku nyingine haukufanya lolote.

Kuku ndio waliomwumiza mama kuliko vyote. Mahindi na maharage yaliyoanikwa uani waliyachakura mbele ya macho yake. Alisema "shii", mkono haukurushwa, kuku wakainua vichwa, wakamtazama, wakaendelea kula. Ikabidi awatupie kijiti kwa mkono wa kushoto, tena bila shabaha. "Wamenizoea," akaniambia siku moja, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikwenda nikawafukuza mimi hadi mwisho wa kibanja, kwa hasira ambayo kuku wale hawakuistahili.

Hayo yote yakiendelea, nilikuwa na mchumba. Alikuwa fundi seremala wa Bweranyange, mrefu, mwenye vumbi la mbao nywele zote, na tulijuana kwenye mkutano wa kwaya za sharika. Wazee wake walishapiga hodi mara moja kabla mama hajaugua, na sasa walitaka siku ya kuja rasmi. Kwa watu wa kwetu mgeni wa shughuli kama hiyo hapewi kwanza chai wala rubisi, pombe yetu ya ndizi. Anapewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo cha ukindu. Nyumbani kwetu aliyeitoa ni mama mwenye nyumba, na aliitoa kwa mikono miwili. Kuitoa kwa mkono wa kushoto peke yake ni kumwambia mgeni arudi alikotoka. Na kahawa isipotolewa, mazungumzo hayaanzi.

Shangazi alikuja kutoka Kanoni na ufumbuzi wake. "Wifi, mimi nitaitoa badala yako. Wageni wataelewa."

"Utaitoa siku nitakayokufa," mama akamjibu. "Binti ni wangu, kahawa ni yangu, na mikono ni yangu."

"Mkono," shangazi akasema, akinyoosha kidole kimoja.

"Mikono. Mmoja umelala tu."

Hivyo wageni waliokuwa waje Desemba wakaambiwa Machi, na wa Machi wakaambiwa wangoje. Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia mama yangu mgonjwa, na usiku nilijiona mtoto mbaya kwa sababu hiyo, na asubuhi nikakasirika tena. Mchumba wangu alikuwa mtu wa mzaha, akanitumia salamu kwa watu waliokwenda mnadani: "Muulize mkono umesemaje." Lakini wazee wake hawakuwa na mzaha. Mshenga alikuwa baba yake mkubwa, mzee mwenye sauti nzito, ambaye kabla ya kila sentensi alisafisha koo mara tatu. Akatuma neno moja tu: watakuja Julai, mavuno ya kahawa yakishatulia, na wakirudishwa safari hiyo watachukua shughuli yao nyumba nyingine. Mchumba wangu alipoulizwa alisema yeye hana nyumba nyingine. Ila si yeye aliyepanga safari za wazee.

Siku neno hilo lilipofika nilikuwa nimefura kwa hasira. Mama alikuwa mkekani, kikapu cha kahawa kiko mapajani, maana alikuwa anachambua punje kwa kushoto. Nikapiga magoti mbele yake kwa ubishi, nikakinga viganja, nikasafisha koo mara tatu, nikasema kwa sauti nzito ya mzee yule, kama nilivyomsikia siku aliyopiga hodi: "Hm, hm, hm. Wenye nyumba, tumetoka mbali, na midomo imekauka."

Mama akaangua kicheko. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kichwa kimeegemea ukuta, na katikati ya kicheko hicho mikono yake miwili ikakiinua kikapu na kukileta mbele yangu. Miwili. Wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa kikapu kwa vidole vyote.

Niliuma ulimi. Sisemi kwa mfano, niliuuma kweli, nikaonja damu. Nikachukua punje moja, nikasema, "Asante, mama," nikainuka taratibu, nikatoka nje, nikaenda nyuma ya nyumba katikati ya migomba nikacheza ngoma peke yangu. Baba aliyekuwa akikata majani makavu alinitazama, nikamwonyesha mkono wangu wa kulia, nikaufungua na kuufumba. Akaweka mundu chini, akaketi juu ya gogo la mgomba kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya uji, mshenga alikuja nyumbani kwetu. Nilipiga magoti, nikasafisha koo, nikakinga viganja. Mama alijua vizuri ni kwa nini nafanya vile, lakini tulikubaliana bila kusema kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba hakuna mtu anayeuangalia mkono. Asubuhi nyingine ulikuja, nyingine haukuja, na ulipokataa tulisema mzee amekosea nyumba. Kadiri siku zilivyokwenda ukaja mara nyingi zaidi. Nikambebesha mzee yule madhambi ya kila namna. Mara alilalamikia uji wetu, mara alitaka kunioa yeye mwenyewe. Siku moja nilichelewa kisimani, baba akapiga magoti badala yangu, akasema "Hodi" kwa sauti ya mtu aliye msibani. Mkono haukutikisika. Mama alimwambia ainuke kabla magoti hayajamwuma.

Hapo nilipaswa kuona kitu ambacho sikukiona. Niliona tu kwamba Julai inakuja na mkono unaamka. Sikuona kwamba njia ile mpya tuliyoikanyaga kila siku ilikuwa na mlango mmoja, na mlango wenyewe ni mimi.

Walikuja Jumamosi, watu saba. Sakafu ilitandikwa majani mabichi na mikeka mipya juu yake. Mshenga akapewa kiti, nyuma yake wazee wenzake, na mchumba wangu karibu na mlango, nywele zimechanwa na bado zina vumbi la mbao. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na shangazi, nimefunikwa kitenge kichwani, kwa sababu binti haonekani mpaka aitwe. Wazee wakishazungumza na kukubaliana ndipo anaitwa na kuulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akitoka kabla ya hapo, ameshajibu swali ambalo hakuulizwa. Shangazi alinieleza hayo mara nne, akinijua. Pazia la mlangoni lilikuwa kanga, na nilichungulia pembeni.

Salamu zikaisha. Mama alikuwa ameketi mkekani mbele ya mshenga, amevaa gauni lake la kanisani, kikapu mapajani. Ikafika zamu ya kahawa.

Mama akavuta pumzi. Na nikamwona akifanya jambo ambalo hatukulifanya miezi yote ile: aliutazama mkono. Mkono wa kushoto ukashika kikapu. Wa kulia ukabaki mapajani. Akautazama zaidi. Bega likapanda, shingo ikakaza, na nikaliona jasho linaanza kwenye paji la uso kama siku za gwaride langu. Mshenga akasafisha koo, mara tatu. Baba, masikini, akaona afanye jambo, akaanza kuzungumzia mvua, yeye ambaye hajawahi kuanzisha mazungumzo, akasema mvua ya mwaka ule ilikuwa mvua, kisha maneno yakamwishia. Mzee mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake. Mama hakuwa anawatazama tena. Midomo yake ilikuwa inauomba mkono.

Sikuamua. Nimejiuliza mara nyingi na nitarudia jibu lile lile: sikuamua kutoka. Miguu ilishatoka ndipo nikajua nimetoka. Shangazi alinidaka, akabaki na kitenge mkononi. Nikapita kichwa wazi mbele ya watu saba wa Bweranyange, nikapiga magoti mkekani mbele ya mama, mgongo wangu ukiwa karibu ugonge magoti ya mshenga, nikakinga viganja.

"Hm, hm, hm," nikasema kwa sauti nzito. "Wenye nyumba, tumetoka mbali, na midomo imekauka."

Mama aliinua macho kutoka mkononi, akanitazama mimi, kisha akamtazama mzee mwenye sauti yake aliyeketi nyuma yangu na mdomo wazi. Kicheko kikamshinda. Alijaribu kukizuia kama mke wa mtu mbele ya wageni, kikamtoka puani, kikamtoka machoni, na mikono yake miwili ikanyanyua kikapu ikanipa.

Nikakipokea. Na hapo ndipo kichwa kikanifikia. Nilikuwa na kahawa ya nyumba yetu mikononi, sijaitwa, sijaulizwa, na hapakuwa na mahali pa kuipeleka isipokuwa kwa mgeni. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikageuka kwa magoti, nikamkabidhi mshenga kikapu kwa mikono miwili, macho chini, nikitamani sakafu ifunguke.

Mzee alichukua punje. Akaitafuna taratibu sana. Nilisikia meno yake.

"Hm, hm, hm," akasema, na watoto waliokuwa dirishani wakaanguka kwa kicheko. Akangoja wanyamaze. "Tulikuja na maneno mengi. Tulikuwa na methali, tulikuwa na nasaba, tuliyafanyia mazoezi njiani tangu Bweranyange. Naona binti ameshatujibu. Ila kuna jambo moja ningependa kuuliza nyumba hii." Akaniinamia. "Hiyo sauti mbaya ni ya nani?"

"Ni ya kwako, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sikujua kama ni mbaya kiasi hicho."

Baba yangu ndiye aliyecheka kwanza, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka mbele ya wageni. Mama akiwa bado anapangusa macho akamweleza mzee habari yote, kiharusi, senene, na mshenga wa kila asubuhi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akashuka kitini, na umri wake wote, akaketi mkekani mbele ya mama. "Dada yangu," akamwambia, "miezi saba hii mimi nilisema mnatuchezea. Nisamehe." Upande wetu ulitozwa mtungi mmoja wa rubisi kwa binti aliyejibu kabla ya kuulizwa, nao wakaunywa wote pale pale. Shangazi hakuzungumza nami mpaka jioni. Alipozungumza alisema, "Nilikuambia mara nne."

Harusi ikapangwa Septemba. Nilipaswa kufurahi tu, na nilifurahi, lakini sasa nilikuwa nimekiona kile ambacho sikukiona. Mkono ulikuja kwangu. Kwa baba haukuja, na mbele ya mshenga wa kweli ulikataa. Nikishaondoka nani atapiga magoti asubuhi? Nilimwuliza mama. "Nitakutumia kikapu kwa posta," akanijibu. Nikamfundisha baba ile sauti. Alijitahidi, ila ilikuwa aibu kumsikiliza. Kila asubuhi iliyobaki nilikuwa mshenga, na kila asubuhi nilihesabu moyoni zimebaki ngapi, na mara mbili nililia kisimani.

Siku ya harusi watu walinitoa nyumbani mapema, niende kanisani, na kutoka kanisani moja kwa moja Bweranyange. Mama alibaki, kwa sababu mguu wake usingeuweza mlima wa kwenda kanisani. Alinisindikiza hadi mwisho wa uwanja, fimbo katika mkono wa kushoto, akasimama pale. Nyuma yake kahawa ya mwisho wa msimu ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka, na kuku, wakijua watu wote wana shughuli, walikuwa juu yake wanachakura.

Nilikwenda hatua tano nikageuka. Nikaenda nyingine tatu nikageuka tena. Shangazi alinivuta, nikasimama. Nilikuwa nalia na kucheka na kuharibu poda yote, na nikaanza kurudi kwa mama. Mama akachoka na mimi.

"Nenda bwana," akasema. "Shii."

Na mkono wa kulia ukarushwa, vidole vikafunguka. Ulipanda juu hadi usawa wa bega, ule ule wa zamani. Nyuma yake kuku wote wakatawanyika kutoka kwenye kahawa.

Mama hakuuona. Alikuwa ananitazama mimi. Neno lilinijia kooni, kubwa, likafika hadi kwenye meno, na nikayafunga meno. Niligeuka nikaishika njia, na nilipopita ukingo wa mibuni nilisikia nyuma yangu "shii" ya pili, na mabawa.

Shangazi alitembea kando yangu muda mrefu akinitupia jicho.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Neno langu la kwanza tangu nyumbani nilimpa mchungaji, aliponiuliza kama ninakubali.